Chupa ya Chini ya Ngazi

Aliingia Jumanne, mvua mabegani,
fundi wa vigae, saruji bado kwenye kucha.
"Godelieve," akasema, "Ghent nzima inasifu ulimi wako.
Nataka bia aliyokuwa akinywa baba."
"Jina lake?"
"Odiel."
"Jina la bia, Wannes."
Hilo hakulijua.

Alichokumbuka: rangi ya chai iliyosahaulika mezani,
na baba, baada ya funda la kwanza,
kufumba jicho moja. La kushoto.

Haya. Miaka ishirini na sita dukani,
nimetafutia watu bia kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Nikampa ya ngano, ya ukungu,
ganda la chungwa na giligilani ndani yake.
Akarudisha chupa tupu, imeoshwa.
"Tamu. Ila hii ni ya watu wenye bustani."

Nikampa nyeusi ya watawa,
zabibu kavu, ukoko wa mkate,
nikamwonya asiinywe amesimama.
"Nililala na viatu," akasema.

Ya Bamberg, ambayo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa kuni:
mkewe aliamka kuuliza nini kinaungua.
Ya Oregoni, ya kopo, hopi tupu, chungu kama shubiri:
hiyo hakuizungumzia kabisa,
aliiweka kopo juu ya kaunta, akanitazama
kama niliyemtukania mtu.

Mlangoni nimebandika kadi, kwa mkono wangu,
kwa wateja wenye haraka:

    Ya kwanza inywe kwa jicho, tazama povu lijae,
    Ya pili inywe kwa pua, pua isome, itwae,
    Ya tatu ndiyo ya koo, ishuke pole, ikae,
    Ya nne sikuagizi, ulimi una mwenyewe.

Wannes aliisoma kila alipokuja.
Kufika Februari aliijua kwa moyo.

Ndipo nikateremka ghalani kuchukua ile kali,
ya bonde la magharibi mwa Brussels,
wanakofungua madirisha ya dari usiku wa baridi
na hamira huja yenyewe na upepo,
kama jirani aliyenusa mchuzi.
Miaka mitatu kwenye pipa.
Akanywa. Uso ukajikunja. Jicho likafumba,
la kushoto!
Nikakamata ukingo wa kaunta.
"Karibu," akasema. "Karibu sana.
Siyo."

Mwezi wa nne mama yake akahamia kwa dada.
Wannes akaja na kitu ndani ya gazeti:
chupa, vumbi la kidole kizima,
kutoka chini ya ngazi, ubavuni mwa tanuri la maji moto.
Nikaifuta lebo kwa aproni.
Bia ya kiwanda, Mungu wangu.
Ile ya kawaida, ya kreti, ya bei ya mkate,
kiwanda chenyewe kilikwisha kufungwa.
Mlinzi wa malango ya mfereji alinunua kreti moja,
akanywa chupa moja kila mwaka mpya,
na tanuri likafanya kazi yake.

Nikafungua. Haikulia hata kidogo.
Boksi lililolowa, siki, sarafu ya shaba.
Kazi yangu yote ilinituma niimwage.
Wannes akainywa polepole, kwa jicho, kwa pua, kwa koo,
kisha akakaa juu ya kreti tupu
jicho moja limefumba, la pili limejaa.
"Hii ni aina gani?" akauliza.

Ninazijua aina sabini na kitu.
Ninaweza kukwambia maji yalitoka mwamba gani.
Nikasema,
"Imeharibika, Wannes."
Akatikisa kichwa kama aliyeambiwa jina.

Nusu aliniachia. Nimeinywa.
Mbaya, mbaya kweli.
Siku hizi mtu akija kutaka nimshauri
namuuliza kwanza nyumbani huiweka wapi,
na kama tanuri liko karibu.